SOMO LA BUNDUKI ILIYOKWAMA KWENYE RISASI YA SABA

Mashine ikikosa kufanya kazi, wa kwanza kulaumiwa ni yule anayeishika. Gari likizima njiani hulaumiwa dereva. Uzi ukikatika hulaumiwa mshonaji. Na bunduki ikigoma hulaumiwa askari. Pengine lawama hiyo ni ya haki, na pengine sivyo. Katika somo hili tutaeleza habari za bunduki moja mashuhuri ya Marekani, ili msomaji aone jinsi fundi mwenye akili anavyotafuta chanzo cha kasoro bila kubahatisha.

Askari wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944 walitumia bunduki ya Lee-Enfield. Baada ya kila mlio, askari alivuta bolti nyuma kwa mkono wake ili ganda tupu litoke, kisha akaisukuma mbele ili risasi nyingine iingie. Lakini askari wa Marekani katika vita hivyo walikuwa na bunduki iitwayo M1, ambayo hujipakia yenyewe. Bunduki hiyo ilibuniwa na John Garand, fundi mzaliwa wa Kanada, katika kiwanda cha silaha cha serikali kilichokuwa mjini Springfield, Massachusetts. Jeshi la Marekani liliikubali rasmi mwaka 1936.

Hufanyaje kazi? Risasi inapolia, baruti huwaka na kugeuka kuwa gesi yenye nguvu nyingi. Sehemu ndogo ya gesi hiyo husukuma fimbo ya chuma iliyo chini ya mtutu. Fimbo huirudisha bolti nyuma, na ganda tupu hutupwa nje. Kisha springi iliyobanwa hujinyoosha na kuirudisha bolti mbele, nayo bolti huichukua risasi iliyo juu kabisa na kuiingiza chumbani. Risasi 8 hushikwa pamoja na klipu ya chuma, na klipu yote huingizwa ndani ya bunduki. Chini ya risasi kuna kibao kinachozisukuma juu. Springi ile ile inayorudisha bolti ndiyo inayokipa kibao hicho nguvu zake.

Katika miaka ya kwanza ya kuitengeneza bunduki hii kwa wingi, kabla ya Marekani kuingia vitani mwezi wa Desemba 1941, kulitokea jambo la ajabu. Bunduki ilipiga risasi 6 vizuri, kisha ikakwama kwenye ya saba. Risasi hiyo haikulala sawasawa mbele ya bolti, na haikuingia chumbani. Askari anayekwama hivyo mbele ya adui hana nafasi ya kuuliza maswali. Maisha yake yamo katika kipande kile kidogo cha shaba na risasi.

Hapa ndipo penye somo. Mtu mwenye haraka angesema, "Springi ni dhaifu," au, "Askari huyu hakusafisha bunduki yake." Lakini tufikiri kidogo. Uchafu haujui kuhesabu. Mchanga ukiingia katika bunduki, huikwamisha leo kwenye risasi ya pili na kesho kwenye ya tano. Kasoro inayorudi mahali pale pale kila mara ina chanzo kisichobadilika, na chanzo cha namna hiyo hutafutwa katika umbo la chuma chenyewe.

Tena palikuwa na dalili nyingine. Bunduki za mfano, zilizotengenezwa kwa uangalifu na mafundi wachache, hazikuwa na tabia hiyo. Basi swali likawa hili: bunduki za kiwandani zimetofautiana wapi na zile za mfano? Jibu lilipatikana ndani ya mwili wa bunduki. Kulikuwa na ukingo mdogo wa chuma uliosaidia kuongoza risasi. Wakati wa kuandaa mashine za kiwanda, sehemu ya ukingo ule ilikatwa ili chombo cha kuchongea kipite kwa urahisi. Aliyeukata hakuona kwamba una kazi. Risasi zilipokuwa nyingi zilishikana zenyewe kwa zenyewe. Zilipobaki mbili tu, iliyo juu ilikosa wa kuielekeza. Mashine zikarekebishwa, na bunduki zilizokwisha tengenezwa zikaongezewa chuma kwa kuchomelewa mahali palipokatwa.

Kwa hiyo, askari au fundi wa silaha aliyekabidhiwa bunduki inayokwama na afuate utaratibu huu.

Kwanza, aelekeze mtutu mahali salama, aondoe kidole kwenye kifyatulio, atoe risasi zote, na ahakikishe kwa macho kwamba chumba ni kitupu.

Pili, aandike ni risasi ya ngapi iliyokwama, na ilikwama kwa namna gani. Ikiwa bolti hairudi nyuma vya kutosha, huenda gesi ni haba au grisi imekauka. Ikiwa risasi haipandi juu, atazame springi na kibao.

Tatu, ajaribu klipu nyingine. Klipu iliyopindika hufanana sana na bunduki mbovu.

Nne, abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Akibadilisha vitatu pamoja na bunduki ikapona, hatajua ni dawa gani iliyoiponya.

Mwisho, asiilazimishe bolti kwa nyundo, wala asikwangue chuma asichojua kazi yake.

Utaratibu huu unafaa pia kwa pampu ya maji, cherehani na mashine ya kusaga. Hesabu, linganisha, kisha ndipo uguse. Ukingo ule wa Springfield ulikuwa mdogo mno, wala aliyeukata hakuwa na nia mbaya; lakini askari ndiye aliyebeba hatari yake. Anayelaumu kabla ya kuchunguza humwonea mwenzake, na kasoro huiacha pale pale ilipo.