Somo: Msitu wa Amani na maji ya Tanga

Ndugu wanakamati na wafadhili, ziara ya msituni isiishie kwenye kupiga picha. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, ilitangazwa mwaka 1997, na wageni hutembezwa humo kwa miguu na waongozaji. Vijana wakifika Mto Zigi waulizwe: maji haya yanakwenda wapi? Yanashuka hadi bwawa la Mabayani, linalolipatia maji Jiji la Tanga. Kisha wafunue majani makavu, wapapase udongo: una unyevu, kwa sababu kivuli cha miti huutunza. Anayekata mti huku juu anamnyima maji jirani wa bondeni asiyemjua.

Maswali ya kujadili:
1. Chanzo chetu cha maji kiko wapi?
2. Nani anakilinda?