Dondoo muhimu: Umeacha kazi? Linda bima ya afya

Nchini Kenya, makato ya bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ya asilimia 2.75 ya mshahara hukoma pamoja na mshahara. Kuanzia hapo mchango ni jukumu lako.

• Usidhani kusajiliwa kunatosha: ukilazwa bila mchango, bili ni yako.
• Piga *147# ujibu kwa ukweli maswali ya kupima uwezo wa kaya.
• Tenga pesa mapema. Asiye na mshahara hulipia mwaka mzima, si chini ya Sh3,600.
• Bima ya kampuni? Uliza tarehe kamili inapokoma. Wengi hugundua kwenye dirisha la hospitali, mtoto akiwa mgongoni.
• Mwenye pumu au kisukari achukue dawa kabla ya tarehe hiyo.
• Hifadhi hati za mshahara kama ushahidi wa makato yako.