Mto Mmoja, Nchi Tatu: Vidokezo vya Kupiga Kambi Ulaya na Familia

Familia nyingi zikipanga kuzunguka Ulaya kwa wiki mbili huandika Paris, Roma, Barcelona na Amsterdam kwenye karatasi moja. Pesa huishia kwenye mafuta, na watoto huiona Ulaya kupitia dirisha la gari. Ukiwa na hema, nenda sehemu chache, ukae.

1. Fuata mto. Napendekeza Mosel. Trier, Ujerumani, hadi mji wa Luxembourg ni kama kilomita 50. Kutoka hapo hadi Metz, Ufaransa, ni kama 60. Magari madogo hayalipi tozo kwenye barabara kuu za Ujerumani wala Luxembourg, na A31 hadi Metz ni bure. Uswisi ungenunua stika ya faranga 40 hata kwa kupita siku moja.

2. Nendeni Juni au Septemba. Bei hupanda Julai na Agosti. Kama shule inawabana, wekeni nafasi mapema.

3. Piga hesabu ya usiku mzima. Bei ya kwanza unayoiona huenda ni ya kiwanja tu. Ongeza kila mtu mzima, kila mtoto, gari, umeme na kodi ya utalii. Uliza pia kama maji ya moto ya kuogea yanalipiwa. Ndipo ulinganishe.

4. Ufaransa, tafuta kibao cha "camping municipal". Hizo ni kambi za halmashauri za miji. Hazina mbwembwe, lakini mara nyingi ni nafuu.

5. Luxembourg, liacheni gari kambini. Tangu tarehe 29 Februari 2020 mabasi, treni na tramu ni bure nchi nzima, kwa wenyeji na wageni. Anayelipa ni wa daraja la kwanza la treni tu. Kwa familia ya watu watano, hii ni neema. Asubuhi pandeni basi hadi Vianden mkaione ngome iliyo juu ya mji, jioni mrudi kwenye hema, na nauli ni sifuri. Kaeni hapa siku nyingi kuliko kwingine.

6. Pikeni wenyewe. Sufuria mbili, jiko dogo na unga wa ugali vinatosha. Mtungi wa gesi hauruhusiwi kwenye ndege, ununueni mkifika. Ujerumani maduka mengi hufungwa Jumapili, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku ya sokoni. Msitupe chupa za plastiki: nyingi zina amana ya senti 25, na watoto hufurahi kuzirudisha dukani wenyewe.

7. Msibanie pesa za kulalia. Baridi ya usiku hutoka ardhini. Afadhali hema la bei ndogo na magodoro mazuri kuliko kinyume chake. Lisimamisheni kwanza nyumbani, mhesabu vigingi.

8. Bibi anakuja kutoka Tanga? Visa ya Schengen huombwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Nyama na maziwa asibebe, forodha watavichukua. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo kwa kambi ya Juni, fomu zake zianze kujazwa Januari.