Utando Mweusi Unaogeuka Manjano

Seli za sola za perovskaiti zimepita asilimia 25 ya ufanisi maabara. Mbona hatuzioni madukani?

Kwa sababu hazidumu. Mwaka 2009 timu ya Tsutomu Miyasaka, Japani, ilipata asilimia 3.8 tu, na kimiminika kilichokuwa ndani ya seli kiliuyeyusha utando wa perovskaiti baada ya dakika chache. Ufanisi umepanda haraka mno; umri umebaki nyuma.

Utando unaharibikaje?

Unaona kwa macho. Mweusi ukipigwa na unyevu hufanya madoa ya manjano: hiyo ni iodidi ya risasi, fuwele imeshavunjika.

Si tuufunge tu kwa kioo?

Lazima tuufunge, kioo pande mbili na mpira wa butili ukingoni. Maji na oksijeni vitabaki nje, ila joto litapita. Methilamonia, ile sehemu ya kikaboni iliyotumika mwanzoni, huanza kutoroka kwenye nyuzi 85 hivi. Wengi wamehamia formamidini, nayo ina vituko vyake: ikiwa peke yake, hata ikikaa tu kwenye joto la kawaida, fuwele yake nyeusi hujigeuza kuwa ya manjano isiyofaa kwa kazi hii. Ukichanganya sesiamu kidogo, hutulia. Bromini nayo husaidia, lakini ikizidi, mwangani hujitenga na iodini.

Uharibifu huanzia wapi?

Usoni na kwenye mipaka ya punje za fuwele. Hapo pana mapengo, na ayoni za iodini hupita humo hadi kwenye fedha ya elektrodi zikaila. Tiba ninayoiamini zaidi ni kupaka juu chumvi yenye molekuli kubwa, kama ya fenethilamonia: huziba mapengo na kusukuma maji. Lakini ikiwa nene, umeme haupiti.

Na taa za LED za perovskaiti?

Ngumu zaidi, hasa za bluu. Huko umeme wenyewe ndio unaosukuma ayoni.

Mtu akidai utando wake ni imara, nimuulize nini?

Saa ngapi, joto gani, gizani au mwangani? Kipimo kimoja cha IEC 61215, kiwango cha kimataifa cha paneli za sola, ni nyuzi 85, unyevu asilimia 85, saa 1,000. Hizo ni siku 42 hivi, na paneli za silikoni huuzwa kwa dhamana ya miaka 25. Uliza pia kama seli ilipashwa joto na kupozwa mara kwa mara. Juu ya paa la bati, hilo hutokea kila siku, na ndilo linalobandua tabaka.