Usimwache Peke Yake Hata Usiku Mmoja

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka. Huku mwambao wa Ziwa Nyasa tumechoka kusikia familia zikisema, baada ya mazishi, "Tulidhani ni maneno tu." Si maneno tu. Mtu akisema anataka kufa, mwamini.

Mama wa Ikombe aliyeacha kufinyanga vyungu na haonekani tena sokoni Lyulilo anahitaji msaada mapema. Lakini kijitabu hiki kinahusu hatua inayofuata, ile ya siku au saa chache, maana ndiyo inayopuuzwa na ndiyo inayoua.

Katika hatua hiyo mtu halali. Hatulii, anazunguka huku na huko, na mawazo hayamwachii. Anaona amezibiwa kila upande, kwamba amekuwa mzigo kwa wanawe, kwamba aibu ya deni au ya kuachwa haitafutika. Anawakwepa watu. Pombe huzidisha hatari, na aliyewahi kujaribu kujiua achungwe zaidi. Na akitulia ghafla, akaanza kuaga na kugawa vitu vyake, msishangilie kwamba amepona.

Muulizeni waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo la kufa. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Kisha kaeni naye. Ziwa likichafuka na mtumbwi wa kumpeleka hospitali Matema ukashindwa kuondoka, kesheni naye kwa zamu hadi kupambazuke. Dawa za wadudu wa mpunga na kakao ziondoeni nyumbani jioni hiyohiyo. Tunarudia: asibaki peke yake, hata akiwafukuza.

Msimfunge kamba, msimpige, msimhubirie dhambi. Wapo wanaomficha mgonjwa kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Hofu hiyo isimcheleweshe hata saa moja. Mpelekeni zahanati iliyo karibu au Hospitali ya KKKT Matema, na akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kyela, ndugu mmoja aongozane naye.

Asiye na uwezo wa kulipa amwone ofisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha; masharti ataelezwa hukohuko. Mtoto aliyelemewa, au yeyote anayemhofia mtoto, apige 116 bila malipo.