Malori Mangapi Yanatosha? Somo la Hesabu kwa Wasafirishaji wa Mizigo ya Bandari

Mkazi wa Changamwe au Miritini hahitaji kuelezwa maana ya foleni ya malori. Huiona anapokwenda kazini, na mtoto wake hupenya katikati ya trela akienda shule. Wengi hudhani chanzo chake ni wingi wa mizigo tu. Mara nyingi chanzo ni mpango mbaya: malori mengi yameitwa mahali ambapo mashine ya kushusha ni moja.

Tangu reli ya SGR ianze kubeba mizigo mwaka wa 2018, sehemu ya makontena huondoka Mombasa kwa treni. Hata hivyo, lori bado ndilo linalofikisha mzigo mlangoni mwa bohari. Vijana na vyama vya ushirika wanaotaka kuingia katika biashara hii wanahitaji kujua hesabu ifuatayo kabla ya kukopa fedha za kununua lori.

Hatua ya kwanza: Pima mzunguko

Tuchukue mfano wa makontena 120 ya futi 40 yanayotakiwa kufika bohari ya Miritini kwa siku 4. Hayo ni makontena 30 kwa siku.

Lori husubiri getini na kupakiwa kwa saa 2, husafiri kwa saa 1, hushushiwa mzigo bohari kwa saa 1, kisha hupeleka kontena tupu depo na kurejea bandarini kwa saa 2. Mzunguko mmoja ni saa 6. Katika siku ya kazi ya saa 12, lori moja hufanya safari 2. Gawanya 30 kwa 2: yanahitajika malori 15.

Hatua ya pili: Weka akiba

Gari huharibika na tairi hupasuka. Ikiwa katika kila malori 10 moja huwa gereji, andaa malori 17 ili 15 yawe barabarani kila siku.

Hatua ya tatu: Hesabu mashine pia

Bohari, kila lori huhitaji kuinuliwa mara mbili: kontena lililojaa hushushwa, na tupu hupakiwa. Kila mara ikichukua dakika 10, mashine moja huhudumia malori 3 kwa saa, na malori 30 kwa saa 10. Hubaki saa 2 za mafuta na mapumziko.

Lakini mashine ikiwa chakavu na kuchukua dakika 15 kila mara, itahudumia malori 24 tu kwa saa 12. Hapo, kuongeza malori hata yafike 25 hakutaongeza kontena hata moja. Yatakayozidi yatasimama barabarani, mwenye mali atalipa, na jirani ataumia.

Ucheleweshaji nao una gharama yake. Kusubiri getini kukipanda kutoka saa 2 hadi 5, mzunguko hufika saa 9. Lori hufanya safari 1 tu kwa siku, na kazi ile ile sasa inahitaji malori 30. Ndiyo sababu kupanga muda wa kufika getini na kukamilisha karatasi za forodha mapema kunaweza kuokoa fedha kuliko kununua lori jipya.

Hatua ya nne: Zingatia uzito

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli 7. Uzito huo ni wa lori, trela, kontena na mzigo kwa pamoja. Gari lenye ekseli chache huruhusiwa uzito mdogo zaidi. Msafirishaji asipouliza uzito mapema, atauulizwa mizani ya Mariakani.

Wajibu wa kila mmoja

Chini ya Katiba, barabara za kaunti na maegesho ni jukumu la serikali za kaunti. Hata hivyo, hakuna eneo la maegesho litakalotosha ikiwa malori yanaitwa yote alfajiri. Wenye mabohari wanahimizwa kugawa saa za kupokea mizigo, na wasafirishaji kutotuma lori kabla ya zamu yake.

Kabla ya kuuliza bei ya lori, uliza maswali matatu: mzunguko ni saa ngapi, mashine inahudumia malori mangapi kwa saa, na lori litasubiri wapi?