Lipu ya Nje kwa Nyumba za Mawe za Mji Mkongwe: Mwongozo kwa Mafundi

Nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na kuta zake huwa na unene wa nusu mita au zaidi. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi: hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huutoa polepole kukiwa na jua. Lipu ya chokaa huupisha unyevu huo. Saruji huuziba. Maji yakikosa pa kutokea huozesha vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani, na chumvi hujikusanya nyuma ya lipu mpaka inafura na kubanduka. Kwa hiyo fundi asipige saruji kwenye ukuta wa aina hii, hata akihimizwa na mwenye nyumba anayetaka kazi iishe upesi.

Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kibali cha mamlaka ya uhifadhi kipatikane kabla ya kuanza. Paa, mifereji na mabomba yanayovuja yatengenezwe kwanza, maana lipu mpya haiponyi ukuta unaoendelea kulowa.

Lipu ya saruji iliyopo ibanduliwe kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu, bila mashine ya kutikisa ukuta. Ukuta uachwe ukauke, wiki kadhaa ikibidi, na chumvi inayojitokeza ifagiwe ikiwa kavu. Mashimo yazibwe kwa vipande vya tumbawe na chokaa; yasijazwe lipu tupu.

Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa iliyozimwa na kulowekwa vizuri, sehemu 1, kwa mchanga msafi wenye chembe kali, sehemu 3. Mchanga wa pwani na maji ya bahari havifai kabisa. Anayezima chokaa avae miwani na glavu: huchemka na huunguza macho.

Nyunyizia ukuta maji, kisha piga tabaka jembamba, lisizidi takriban sentimita 1. Tabaka la pili lingoje la kwanza lishike. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa ikiwa na unyevu kidogo; ikikaushwa na jua la mchana hupasuka na kuwa unga. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na uyanyunyizie maji kila siku kwa wiki nzima. Miezi ya baada ya masika, kuanzia Juni, ndiyo inayofaa zaidi.

Malizia kwa chokaa nyeupe ya kupaka, tabaka kadhaa nyepesi. Weupe huo hurudisha jua na, pamoja na unene wa ukuta, huweka vyumba baridi. Rangi ya plastiki isipakwe juu yake, kwani huziba ukuta kama saruji ilivyouziba.